Bega la Babu Singano

"Leo maji!"

Ndivyo watu walivyosalimiana asubuhi ile katika Mji wa Pangoni, badala ya kuulizana habari za kuamka. Na wewe ungeishi miaka minane chini ya uso wa Mwezi, maji ukipimiwa kwa kikombe, na kuoga ukioga upepo, siku kama hiyo ungepiga vigelegele hata kama sauti imekukauka. Mashine ya kuchoronga ilikuwa imebakiza kipande kidogo tu cha mwamba kufikia ziwa la barafu. Kwaya ilikuwa imeshajipanga njia kuu. Wapishi walikuwa wameapa kwamba leo, potelea mbali, watapika wali wa kuchuja, ule wa maji mengi.

Mzee Singano Mbelwa, mchorongaji mkuu, alikuwa na furaha kuliko wote. Alisimama kifua wazi mbele ya kioo chumbani kwake, akabonyeza kichupa, jeli isiyo na rangi ikamtokea kiganjani, baridi. Akajipaka bega la kulia, akahamia la kushoto, akashusha mpaka juu ya mkono. Ilinuka spiriti. Akajipungia ikauke huku akiimba wimbo wa kwao Lushoto kwa sauti ya kuwaamsha majirani.

Mwaka mmoja nyuma mtu huyu hakuwa akiimba. Weee! Alikuwa akikaa kitandani avae viatu, anasahau kilichomkalisha. Chakula hakina ladha, usingizi haumtoshi, utani wa vijana kazini unamkera, na hata Bi Saumu wa karakana ya mitungi, mwenye kicheko kile, akipita alikuwa anapita tu. Alidhani ni uzee. Daktari Yustina Komba alimpima damu asubuhi mbili tofauti, akamwambia kwamba si uzee wala uvivu. Homoni yake ya testosteroni ilikuwa imeshuka mno, na huo ni upungufu unaotibika. Akampa jeli na maelezo marefu: apake asubuhi kwenye ngozi kavu, aiache ikauke, anawe mikono kwa sabuni na maji, afunike bega kwa nguo, na wa nyumbani kwake wajue.

Mzee alikubali yote kwa kichwa. Nyumbani hakumwambia mtu. Watu walipoanza kumsifu, "Mzee Singano amerudi, chuma!", alijibu kwamba ni mazoezi.

Na ile ya kunawa? Pangoni nani ananawa kwa maji? Kila mtu huingia kwenye kipulizo, vuuu, hewa na unga wa kusafishia vinapita mwilini, basi, umeoga. Mzee aliingiza mikono yake humo kama kila siku, akaitoa mikavu, akavaa singlendi yake. Huko kwenye mashine kuna joto la tanuri, hakuna anayevaa mikono mirefu. Alijiona msafi kabisa.

Mlango uligongwa kwa vishindo.

Aliyeingia ni mjukuu wake, Zuhura, ambaye hajatimiza miaka mitano na amepewa jina la marehemu mama yake Mzee. Kwa hiyo babu ndiye anayeamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," akajibu Zuhura kwa madaha yote. "Haya, inama."

Akainama, akapandwa. Huo ni mtindo wa Pangoni. Mwezini mwili ni mwepesi, mtoto akikimbia kidogo tu anaruka na kugonga kichwa kwenye dari ya mwamba, kwa hiyo hakuna mtoto anayepita njia kuu bila kukaa begani kwa mtu mzima. Bega la Zuhura lilikuwa la babu yake, asubuhi na jioni.

Nyuma yake aliingia Mwanaidi, binti wa Mzee na mama wa mtoto. Yeye ndiye fundi aliyeiunga mashine ya kuchoronga kwa mikono yake, na ndiye anayeiponya ikiugua. Siku kubwa kama ile alipaswa awe anacheka. Macho yalikuwa yamemvimba, na mgongoni alikuwa na mkoba wa safari.

"Baba, keti."

"Nikae, siku ya kutoboa? Mwamba unaningoja!"

"Keti, Baba."

Akakaa, mtoto bado begani.

"Tabibu ametoa hukumu," alisema Mwanaidi. Tabibu ni ile mashine ya zahanati inayosoma damu na mifupa ya kila mtu. "Amesema Mwezi unamkuza Zuhura haraka. Chunusi hizi, nywele kwapani, jasho la mtu mzima, kuwapiga wenzake shuleni. Mifupa yake ni ya mtoto wa miaka saba. Anashushwa Duniani kwa meli ya anga ya leo, nami naenda naye. Mlango unafungwa kabla ya saa sita."

"Leo hii? Mpaka lini?"

"Akishashuka haruhusiwi kupanda tena. Na Baraza la mji limesema kama Mwezi umemfanya hivi mmoja, utawafanya wote. Meli zijazo zitawachukua watoto wote wa Pangoni."

Miezi yote ile watu walikuwa wakicheka wakimwona Zuhura akimwangusha mvulana mkubwa. "Damu ya babu yake hiyo!" Naye alikuwa akicheka nao, kifua mbele.

*

Njia ya kwenda kwenye meli na ya kwenda kwenye mashine ni moja mpaka katikati. Walitoka pamoja. Njia kuu ilikuwa imefurika watu na nderemo, kwaya imepamba moto, mtu mmoja anapiga debe tupu kwa vijiko, na kila aliyemwona Mzee alimpigia makofi. "Mkuu! Tuletee maji!" Mzee aliinua mkono, akajaribu kutabasamu.

Simu ya upepo kiunoni ikalia. Ni Kiango, msaidizi wake, huko chini kwenye mashine, sauti imempanda kwa furaha.

"Mkuu, mwamba umeanza kulia! Nimesimamisha, nakungoja wewe. Njoo ushike mwenyewe!"

"Nakuja," akasema.

Zuhura alilaza shavu begani kwake. Halafu akanong'ona, "Babu, kule Duniani nitakosa harufu yako."

"Harufu gani, mama?"

"Ya kichupa chako. Unapojipaka nakuwa mlangoni nakungoja. Nikilala hapa shavu langu linanata, halafu nanuka kama wewe mpaka jioni. Hata chunusi zangu zinanuka hivyo."

Mzee Singano alisimama pale pale, katikati ya watu. Aliyekuwa nyuma yake akamgonga.

*Sabuni na maji. Funika bega. Wa nyumbani wajue.* Sauti ya Daktari Komba ilimrudia yote kwa mkupuo. Alilitazama bega lake lililo wazi, kisha lile shavu dogo lililojaa chunusi upande mmoja kuliko mwingine, upande ule unaolala kwake. Mungu wangu. Si Mwezi, ni mimi.

Na papo hapo, kabla hajavuta pumzi ya pili, wazo jingine lilimjia, tamu na baya. Anyamaze. Mtoto akishuka Duniani atakuwa mbali na bega hili, na mwili wake utatulia wenyewe. Watu watasema Dunia imemponya. Yeye atatoboa, ataimbiwa, atabaki chuma, na dawa ataendelea kupaka kimyakimya. Nani atajua? Hakuna. Akisema, sheria ya Pangoni ni moja: mtu ambaye dawa yake imemfikia mwingine hagusi mashine mpaka apimwe upya. Miaka minane ya mwamba, na mita ya mwisho ashike mwingine. Na ile siri ya kichupa ijulikane na mji mzima.

"Mkuu, uko wapi?" Kiango alikuwa akiita.

Njiani mbele yake kulikuwa na watoto, kila mmoja juu ya bega la mtu, wakipunga vitambaa. Hawakujua kwamba wao nao walikuwa wameshahukumiwa. Mzee aliwatazama na roho ikamuuma kweli kweli. Kama atanyamaza, bega lake litabaki na nguvu na halitakuwa na mtoto wa kubeba.

Akamshusha Zuhura, akamweka mikononi mwa mamaye.

"Mwanaidi, usiende kwenye meli."

"Baba, usinifanyie hivi, nimeshalia ya kutosha."

"Ni mimi. Napaka dawa mabegani. Ya homoni. Mwaka sasa. Sikukwambia."

Uso wa Mwanaidi ulianza kama wa mtu asiyesikia vizuri, kisha ukabadilika, na Mzee alitamani ardhi ya Mwezi ipasuke.

"Mwaka mzima? Nimemwosha mwanangu kwa machozi, nikajilaumu kwa kumzaa huku juu, na wewe unajua?"

"Sikujua mpaka sasa hivi. Wallahi sikujua."

"Ulijua una dawa!"

Mwanaidi akageuka, akaanza kuruka kuelekea zahanati, mtoto kifuani, na Mzee nyuma yake, hatua ndefu za Mwezini, watu wakiwapisha wakidhani wanakimbilia maji.

*

Daktari Komba hakupoteza muda kwa maswali. Alibandika karatasi ya kupimia dawa kwenye bega la Mzee, ikageuka bluu. Akabandika nyingine kwenye shavu la Zuhura, nayo ikageuka bluu. Kisha akafungua majibu ya damu ya mtoto kwenye kioo cha Tabibu, akayasoma mwenyewe kwa mara ya kwanza bila kusubiri mashine imfafanulie.

"Ona hapa," alimwambia Mwanaidi. "Mwili wa mtoto ukijiharakisha wenyewe, tezi iliyo chini ya ubongo ndiyo inayotoa amri. Ya Zuhura imelala fofofo. Haijaamrisha kitu. Lakini testosteroni kwenye damu yake iko juu. Maana yake imeingia kutoka nje, kupitia ngozi. Tabibu hakuulizwa nani nyumbani anatumia dawa gani. Aliulizwa Mwezi umefanya nini, akajibu hilohilo."

"Atapona?"

"Akiacha kuguswa na jeli, chunusi na hasira vitaondoka, homoni itashuka. Mifupa iliyotangulia hairudi nyuma, sitakudanganya. Tutamfuatilia miaka kadhaa tuone urefu wake. Lakini tumewahi."

Akamgeukia Mzee. "Nilikwambia sabuni na maji."

"Nilioga upepo."

"Upepo! Upepo unaondoa vumbi, Mzee wangu. Jeli hii inashika ngozi, haitoki bila sabuni na maji."

"Na maji ningeyatoa wapi, Daktari?"

"Ungeniambia! Ningekupa mgao wa dawa, kikombe kimoja kwa siku. Au ningekubadilishia nikuchome sindano. Ulikuja hapa ukaniitikia ndiyo, ndiyo, ukaenda zako." Akashusha sauti. "Nami sikukuuliza mnanawaje. Haya. Hukumu ya Tabibu inabatilishwa kwa tamko la wazi, hewani, mji mzima usikie. Na ukishasema, kwenye mashine huendi. Unalijua hilo."

"Nalijua."

"Basi chukua."

Mzee alipokea kipaza sauti. Zuhura alikuwa amekaa mezani, miguu inaning'inia, anamwangalia.

"Watu wa Pangoni," alianza, na sauti yake ikatoka kwenye kila pembe ya mji, kwaya ikakatika katikati ya ubeti. "Mimi ni Singano Mbelwa. Mnaniita chuma. Si chuma. Mwaka jana nilikuwa nimekwisha, testosteroni yangu ilikuwa chini, na daktari akanipa jeli ya kupaka mabegani. Ni dawa nzuri, imenirudisha. Lakini niliificha kwa aibu, sikunawa inavyotakiwa, sikuvaa nguo ya kufunika, na kila siku nimembeba mjukuu wangu begani. Mwezi haujamfanya kitu mtoto huyu. Nimemfanya mimi. Watoto wenu hawana kosa na Mwezi hauna kosa. Msiwashushe."

Mzee aliweka kipaza sauti chini, akangoja kicheko.

Iliyokuja ni sauti ya Kiango kwenye simu ya upepo, imepasuka. "Mkuu... na mimi."

"Na wewe nini?"

"Napaka. Tangu mwezi uliopita. Singlendi hii hii, upepo huo huo. Mkuu, mke wangu ana mimba!"

Daktari Komba alinyakua kipaza sauti. "Kiango, acha mashine, vaa shati, mpitie mkeo, usimguse, mje hapa nyote wawili sasa hivi! Mwezi mmoja ni mapema, sikia, ni mapema, lakini mje. Na mwanamume mwingine yeyote anayepaka na kujificha, aje. Simcheki mtu."

Baadaye walihesabiwa waliokuja, na tuseme tu kwamba vyuma vya Pangoni vilikuwa vingi. Baraza lilitangaza kabla meli haijafunga mlango: Zuhura abaki, na hukumu juu ya watoto ifutwe. Njia kuu ikalipuka kwa vigelegele. Akina mama walikuwa wakiwakumbatia watoto wao, ndiyo kwanza wanajua kwamba walikuwa karibu kuwapoteza.

Ndipo mtu akauliza lililokuwa wazi. Mchorongaji mkuu haruhusiwi, msaidizi wake yuko zahanati, na mashine imewashwa, kichwa chake cha moto kikigandamana kwenye mwamba kila dakika inayopita. Sasa nani anatoboa?

Mwanaidi alikuwa ameshavua mkoba.

"Mimi naijua ile mashine kuliko mtu yeyote," alisema, bila kumtazama baba yake. "Kuusikiliza mwamba tu ndiko sijawahi. Wewe utanisikilizia."

*

Mzee alikaa kwenye kiti cha zahanati, sindano ya kipimo cha damu imechomwa mkononi, simu ya upepo imewekwa kwenye kipaza sauti ili mji mzima usikie. Ngurumo ya mashine ilimjaa kichwani. Aliijua ile ngurumo kuliko sauti yake mwenyewe, na kuisikia akiwa mbali nayo kulimuuma.

"Punguza," alisema. "Usisukume. Bado, bado. Umeusikia huo mkwaruzo?"

"Nausikia."

"Huo ni mwamba mkavu. Upe joto, uache ufike wenyewe. Sasa unakoroma, si ndiyo?"

"Unakoroma, Baba! Mashine nzima inatikisika!"

"Achia mikono. Usiishike mashine kwa hofu. Mwamba ukinyamaza ghafla, ndiyo barafu, fungua bomba hapo hapo usisubiri!"

Zuhura alikuwa ameziba masikio na bado anasikiliza. Mwamba ulikoroma, ukakoroma, halafu pakawa kimya.

"Sasa!" Mzee alipiga kelele akasimama na sindano yake.

Wakasikia bomba likikohoa. Likakohoa tena, likatema hewa, likapiga mluzi, kisha ikaja sauti ambayo wengine walikuwa wameisahau na watoto wa Pangoni hawakuwahi kuisikia hata siku moja, maji mengi yakianguka kwenye tangi tupu. Na juu yake sauti ya Mwanaidi akicheka na kulia pamoja. "Yapo! Baba, yapo! Yanakuja!"

Mzee Singano alimnyanyua Daktari Komba kwa furaha, akakumbuka, akamwachia upesi kama aliyeshika kaa la moto. Wote wakaangua kicheko, hata mke wa Kiango aliyekuwa akingoja majibu, na majibu yalipotoka yakiwa salama akacheka tena.

*

Pangoni walikuwa wameshakubaliana tangu zamani kwamba ndoo ya kwanza ni ya aliyetoboa, aifanyie atakavyo. Mwanaidi aliingia nayo zahanati akitembea taratibu sana, maana Mwezini maji yakitikiswa yanaruka nje yenyewe. Watu walimfuata mpaka mlangoni. Walidhani atakunywa, au atamwogesha mwanawe.

Aliitua mbele ya baba yake. Akatoa mfukoni kipande cha sabuni alichokuja nacho kutoka Duniani, kile ambacho miaka yote kilikaa kwenye sanduku la nguo ili zinukie tu.

"Sijakusamehe bado," alisema.

"Najua, mwanangu."

"Nawa."

Daktari alimwambia kwamba saa za kutosha zimeshapita, dawa ya leo imeingia mwilini, anaweza kuosha bila kuipoteza. "Sikunyang'anyi kichupa," aliongeza. "Upungufu wako ni wa kweli. Damu yako ikija vizuri, mashine utaishika tena. Lakini kuanzia kesho ni sabuni na maji, shati la mikono mirefu hata ukiungua kwa joto, na bega lioshwe kabla mtoto hajaligusa."

Mzee alivua singlendi mbele ya mji wote. Alisugua viganja, akapanda mikononi, akasugua bega la kulia na la kushoto mpaka ngozi ikawaka, povu likimshuka polepole kifuani. Hakuharakisha. Maji yalikuwa baridi kupita kiasi, na yalikuwa matamu. Akajikausha, akavaa shati la mikono mirefu aliloazimwa na daktari, linambana, akalifunga vifungo vyote mpaka shingoni.

Kisha akamwendea Zuhura pale mezani, akasimama mbali kidogo, mikono nyuma.

"Shikamoo, mama."

Zuhura hakuitikia. Alijivuta mbele, akanusa bega la shati, akanusa na jingine. Akamtazama mama yake, kisha akamtazama yeye kwa ukali.

"Umenawa?"

"Nimenawa, mama."

Mwanaidi alikuwa anamimina maji machafu kwenye karai, amewapa mgongo. Alitikisa kichwa kukubali bila kugeuka.

"Marahaba, mwanangu," alisema Zuhura. "Haya, inama."